Ofisi Bila Karatasi Jijini Dar es Salaam: Mwongozo Kamili wa Kuihamishia Masijala Kwenye Kompyuta

Ofisi nyingi za Dar zinazotaka kuachana na karatasi huanzia dukani. Bosi anashuka Kariakoo, ananunua skana, anamkabidhi katibu muhtasi pamoja na maboksi ya faili za miaka kumi iliyopita, na kazi inaanza. Baada ya miezi michache skana imefunikwa kitambaa, printa bado inaunguruma, na kwenye kompyuta kuna folda inayoitwa SCAN MPYA yenye mafaili mamia kwa mamia yanayoanzia Scan0001. Hakuna anayeweza kupata chochote humo. Mtu akitaka barua, anarudi kwenye boksi.

Mashine ilikuwepo, masijala ndiyo iliyokosekana. Aliyewahi kufanya kazi kwenye ofisi ya serikali anaujua utaratibu: barua inaingia, inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, inaandikwa kwenye rejista, inapewa namba ya folio (namba ya ukurasa wake) ndani ya faili lenye namba yake ya kumbukumbu, kisha faili linapelekwa kwa mhusika na mwendo wake unaandikwa. Vijana wengi wanauona utaratibu huo kama urasimu wa kizamani. Mimi nauona kama sehemu ngumu zaidi ya kazi hii, na bahati nzuri tayari tunao. Unajibu maswali matatu ambayo kila ofisi huulizwa: karatasi hii imetoka wapi, sasa iko kwa nani, na nani aliamua nini juu yake. Ukiuchukua kama ulivyo ukauingiza kwenye kompyuta, ofisi bila karatasi inawezekana hata kwa watu watano na vifaa vya kawaida. Ukiuacha, hata programu ya mamilioni haitakusaidia.

Mwongozo huu ni wa ofisi ndogo na za kati. Nitatumia mfano wa ofisi ya uwakala wa forodha pale Kurasini yenye watu wanane, kwa sababu ofisi za aina hiyo hushika karatasi za kila namna: ankara za nje ya nchi, hati za meli, vibali, risiti, vocha na mikataba ya wateja. Ikiwezekana kwao, inawezekana pia kwa ofisi ya mawakili Upanga au shule binafsi ya Tabata.

Hatua ya 1: Ifuate karatasi kwa wiki nzima

Kabla ya kununua chochote, chukua kaunta buku moja, liweke karibu na printa, na kila anayechapa au kupokea karatasi aandike mistari miwili: ni hati gani, imetoka kwa nani, inaenda kwa nani, na kwa nini imechapwa. Usibadilishe kitu kingine wiki hiyo.

Kwenye ofisi yetu ya Kurasini utaona jambo hili likijirudia. Ankara ya muuzaji imefika kwa baruapepe, tayari ni PDF. Katibu anaichapa ili bosi aione. Bosi anaandika "shughulikia" kwa kalamu. Mhasibu anatoa kopi ya kuweka kwenye faili lake. Mwishoni mwa siku mteja anaomba nakala, basi ile karatasi inaskaniwa na kutumwa kwa baruapepe, ikiwa na ubora mdogo kuliko ilivyoingia. Hati iliyozaliwa kwenye kompyuta imegeuzwa karatasi, ikarudishwa kwenye kompyuta, na njiani imetumia karatasi mbili na muda wa watu watatu.

Hati za namna hiyo ndizo za kuanza nazo, kwa sababu hazihitaji skana kabisa. Zinahitaji tu mahali pa kukaa na njia ya bosi kuandika neno lake la "shughulikia" bila kalamu.

Hatua ya 2: Tenga zitakazobaki karatasi

Usimwahidi mtu kwamba karatasi zitaisha zote. Hati miliki ya kiwanja, wosia, hundi, hati ya kiapo, mkataba uliolipiwa ushuru wa stempu, hati halisi ya meli inayotakiwa kuwasilishwa ili mzigo utolewe, vyeti halisi vya kampuni: hizi nakala halisi zake zinakaa kwenye kabati la chuma, na kwenye kompyuta unaweka picha yake tu ya kurejea.

Kwa zilizobaki, sheria iko upande wako. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu na sahihi za kielektroniki, na inaruhusu kumbukumbu hizo kutumika kama ushahidi mahakamani. Ila soma vizuri inachopima: namna kumbukumbu ilivyotengenezwa na kutunzwa, namna ilivyolindwa isibadilishwe, na namna aliyeitoa anavyotambulika. Hayo ni mambo ya masijala hasa. PDF iliyolala kwenye simu ya dereva bila tarehe wala jina la aliyeipiga ina uzito mdogo. PDF hiyohiyo ikiwa na namba kwenye rejista, tarehe ya kupokelewa na jina la aliyeihifadhi, ina uzito mwingine kabisa.

Hatua ya 3: Jenga rejista na makabrasha

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi. Zima simu ukae siku nzima na mhasibu na katibu, kwa sababu mtakachokubaliana leo kitadumu miaka.

Anza na rejista. Jedwali la kawaida la Excel au Google Sheets linatosha kwa ofisi ya watu wanane. Safu zake ni namba, tarehe ya kupokea au kutuma, imetoka kwa nani, inahusu nini, mhusika, hali yake, na kiungo cha kufungulia faili lenyewe. Kila hati inayoingia na kila inayotoka inapata mstari wake. Namba zinaanza upya kila Januari na hazirukwi. Hati ikifutwa, mstari wake unabaki na neno "imefutwa".

Kisha makabrasha. Kosa la kawaida ni kupanga kwa aina ya hati: folda ya ankara, folda ya barua, folda ya risiti. Linapendeza kwa macho, lakini hakuna mteja anayepiga simu kuuliza habari za ankara zote. Anauliza kontena lake. Kwa hiyo panga kwa kazi: mwaka, halafu namba ya kazi na mteja, halafu hati zote za kazi hiyo pamoja. Shule ipange kwa mwanafunzi, mawakili kwa shauri. Usizidishe ngazi tatu za folda. Ngazi ya nne watu huanza kutupia vitu popote.

Jina la faili ndilo linalookoa siku intaneti inaposuasua na huwezi kutafuta kwa njia nyingine. Tumia mpangilio huu:

2025-03-14_ankara_matairi_KUR-2025-0231

Mwaka uko mbele, kisha mwezi, kisha siku, ili kompyuta iyapange mafaili kwa tarehe yenyewe. Kinafuata aina ya hati, kisha neno moja la kuitambulisha, mwishoni namba ya rejista. Mliozoea namba za masijala zenye mikwaju kama KUR/2025/0231 mtagundua kompyuta inaikataa mikwaju kwenye majina ya mafaili, basi tumieni vistari. Marufuku maneno kama "mpya", "ya mwisho" na "ya mwisho kabisa". Toleo la hati linaandikwa t1, t2, t3.

Mahali pa kuyaweka yote haya: Google Workspace na Microsoft 365 ndizo zinazofahamika zaidi, na mafundi wengi mjini wanazijua. Mwenye fundi mzuri na anayetaka mafaili yakae kwenye mashine yake ofisini anaweza kutumia Nextcloud, ambayo ni programu huria. Akaunti ya bure ya Google ina nafasi ya GB 15, ambayo inatosha kujaribia. Kwa kazi yenyewe nunua akaunti za ofisi, zenye jina la kikoa cha kampuni, yaani anwani yake ya mtandaoni inayoishia na .co.tz. Nasisitiza hili kwa sababu linaumiza watu kila siku: baruapepe ya kampuni ikiwa ni Gmail binafsi ya katibu, siku akiacha kazi anaondoka na mawasiliano yote ya wateja, nywila za mifumo ya BRELA na TRA, na uwezo wa kuzibadilisha.

Hatua ya 4: Skani vizuri, skani mara moja

Skana yenye trei ya kuingiza karatasi nyingi kwa mpigo na inayopiga pande zote mbili inafaa kuliko ile ya kufunika kifuniko kila ukurasa. Weka dpi 300 (kipimo cha ukali wa picha), hifadhi kwa PDF, na kama hati itakaa miaka mingi chagua PDF/A, aina ya PDF ya kutunza hati kwa muda mrefu, kama programu yako inayo. Piga kwa rangi chochote chenye muhuri au sahihi. Wino wa bluu ukipigwa kwa nyeusi na nyeupe hauonyeshi tofauti ya nakala halisi na kopi, na muhuri hafifu unaweza kupotea kabisa.

Washa kipengele cha kusoma maandishi, ili hati itafutike kwa maneno yaliyomo ndani yake. Programu huria ya Tesseract inasoma Kiswahili pia, si Kiingereza peke yake. Mwandiko wa mkono bado unazishinda programu nyingi, kwa hiyo barua za mkono ziandikie maelezo ya kutosha kwenye rejista.

Kabla ya kuirudisha karatasi, fungua faili ulilolihifadhi. Hesabu kurasa. Angalia kama nyuma ya ukurasa palikuwa na maandishi. Soma tarehe ya muhuri. Kazi hii ya dakika moja haina mbadala.

Risiti za EFD zinataka uangalifu wa pekee. Karatasi yake haitumii wino. Maandishi yanatokana na joto la kichwa cha mashine, ndiyo maana risiti iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani Kurasini inakuja kuwa nyeusi yote, na iliyokaa kwenye pochi mwaka mzima inabaki nyeupe kama haijawahi kuchapwa. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka isiyopungua mitano. Karatasi hiyo yenyewe haiwezi kuahidi miaka mitano kwa joto letu.

Kwa hiyo kanuni iwe kali: risiti inapigwa picha siku ileile ilipotolewa, na aliyeipokea, hata kama ni dereva yuko bandarini. Inyooshwe juu ya karatasi nyeupe, mahali penye mwanga, simu ikiwa juu yake moja kwa moja. Vionekane TIN ya muuzaji, tarehe, kiasi, kodi, namba ya uhakiki na ile alama ya mraba ya kuskani. Programu ya Google Drive kwenye simu za Android ina kipengele cha kuskani kinachonyoosha picha na kuitoa kama PDF. Mhasibu akiipata, anaihakiki kwenye ukurasa wa TRA wa kuhakiki risiti kabla ya kuiingiza kwenye vitabu. Risiti zenyewe ziweke kwenye bahasha ya mwezi, mbali na jua, mpaka mhasibu wenu aseme vinginevyo.

Hatua ya 5: Vocha ya malipo bila karatasi

Ukifanikiwa hapa umefanikiwa, maana vocha ndiyo karatasi inayotembea zaidi ofisini na ndiyo inayoshika fedha.

Tengeneza fomu ya mtandaoni yenye maswali machache: nani anaomba, ya kazi gani, kiasi gani, anayelipwa ni nani, na mahali pa kuambatisha ankara. Ombi likitumwa linajiandika lenyewe kwenye jedwali lenye namba. Mwenye mamlaka ya kuidhinisha anapata baruapepe, anajibu "naidhinisha" au "narudisha" pamoja na sababu, kutoka kwenye akaunti yake ya ofisi. Mhasibu analipa, kisha anaambatisha uthibitisho wa benki au wa mtandao wa simu kwenye mstari uleule. Muombaji, mwidhinishaji na mlipaji wasiwe mtu mmoja. Kama ofisi ni ya watu wawili, basi angalau wawili hao wahusike wote.

Faida inaonekana siku ya kwanza: bosi aliyekwama kwenye foleni ya Barabara ya Mandela anaidhinisha akiwa kwenye gari, mzigo hausubiri arudi ofisini.

Lakini idhini haitolewi kwa simu wala kwa ujumbe wa sauti. Kila Mtanzania anaujua ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Matapeli sasa wanajifanya mkurugenzi, wanatumia picha yake, na wanajua jina la mhasibu. Ofisi yenye kanuni kwamba hakuna malipo bila mstari wa vocha uliojibiwa kwa akaunti rasmi, na kwamba namba mpya ya kulipia inathibitishwa kwa kumpigia muuzaji kwenye namba ya zamani, haitapeliwi kirahisi.

Hatua ya 6: WhatsApp

Haizuiliki, na hakuna haja ya kuizuia. Wateja wetu wako huko. Kanuni ni moja: hati iliyoingia kwa WhatsApp inahamishiwa kwenye kabrasha lake na kupewa namba ya rejista kabla ya kufunga ofisi siku hiyo. Waambie wateja na wafanyakazi watume hati kama faili, maana ikitumwa kama picha inabanwa, na tarakimu ndogo hazisomeki. Namba inayotumika iwe ya kampuni, kwenye simu ya kampuni.

Hatua ya 7: Sahihi na muhuri

Picha ya sahihi iliyobandikwa kwenye Word ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa kuwa yeyote aliyewahi kupokea barua yako anaweza kuikata akaibandika kwingine. Kwa mikataba, tumia huduma ya kusaini inayotunza kumbukumbu ya nani alisaini, saa ngapi na kwa baruapepe gani, na inayofunga hati isibadilishwe baada ya hapo. Muhuri wa mpira bado unadaiwa na benki nyingi na ofisi nyingi. Uliza kabla ya kutuma, wakitaka wa mpira, chapa ukurasa huo mmoja tu.

Hatua ya 8: Umeme, mtandao na nakala

Ruta inakula umeme kidogo sana. UPS ndogo (betri ya kushikilia umeme ukikatika) iliyounganishwa na ruta pekee, pamoja na kompyuta mpakato zenye betri nzima, zitaivusha ofisi kwenye katizo la kawaida la umeme. Usiiunganishe printa kwenye UPS hiyo, itaimaliza.

Kuwa na njia mbili za intaneti: ya waya, na laini ya mtandao mwingine kwa dharura. Hata hivyo zote mbili zinaweza kuyumba kwa pamoja. Mwezi Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizobaki na intaneti ya kubabaisha. Siku kama hiyo anayetegemea wingu peke yake, yaani mafaili yaliyoko kwenye seva za mtandaoni tu, anakaa kusubiri. Weka mipangilio ili kabrasha la kazi za mwaka huu liwe na nakala kwenye kompyuta moja ya ofisini wakati wote.

Sasa elewa tofauti hii vizuri. Folda inayojilinganisha na wingu haihesabiki kama nakala ya akiba. Mtu akifuta faili kwenye kompyuta, linafutika na kule. Kirusi kikiyafunga mafaili ili mhalifu adai fedha za kuyafungua, yaliyofungwa nayo yanapanda kwenye wingu. Kanuni inayokubalika ni tatu, mbili, moja: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya ofisi. Kwa Kurasini hiyo ni wingu, kompyuta ya ofisini, na diski ya nje inayochomekwa kila Ijumaa, ikichomolewa inaenda kukaa nyumbani kwa mkurugenzi, labda Mbezi. Ifungwe kwa nywila, maana diski inaweza kusahaulika kwenye daladala. Kila mwisho wa mwezi chagua faili moja lolote ulirudishe kutoka kwenye diski hiyo na kulifungua.

Hatua ya 9: Nani anaona nini

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inagusa ofisi yoyote inayokusanya taarifa za watu, na inataka mkusanyaji ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ina pia masharti ya kusafirisha taarifa nje ya nchi, na seva za wingu unalolipia mara nyingi ziko nje, kwa hiyo mwulize mwanasheria wako hilo kabla ya kuhamisha mafaili ya wafanyakazi. Nakala za vitambulisho vya NIDA, mishahara na vyeti vya hospitali viwe kwenye kabrasha linalofunguliwa na watu wawili tu. Kila mmoja awe na akaunti yake na uthibitisho wa hatua mbili. Anayeacha kazi, akaunti yake inafungwa siku hiyohiyo, kabla ya keki ya kumuaga.

Hatua ya 10: Maboksi ya zamani

Tumeyaacha mwisho makusudi. Chagua tarehe ya kuanza, tuseme Julai mosi, na kuanzia siku hiyo kila hati mpya inapita njia mpya. Za nyuma zisiguswe mpaka mtu azihitaji. Ikitolewa kwenye boksi, hairudi bila kuskaniwa na kupewa namba. Kwa njia hiyo zile zinazotumika zinajiskani zenyewe taratibu, na zisizotumika hazili muda. Kitakachobaki kufanywa kwa makusudi ni mikataba hai na kumbukumbu za kodi ambazo miaka yake mitano haijatimia. Maboksi yenyewe yainue kutoka sakafuni, mbali na ukuta. Unyevu wa masika na mchwa havisubiri.

Muda wa kuharibu ukifika, usimwuzie mtu karatasi kwa kilo. Tumeona mara ngapi karanga zimefungwa kwa ukurasa wenye jina, namba ya simu na mshahara wa mtu? Nunua mashine ya kuchana karatasi, au zichomwe mkisimamia wenyewe. Andika kwenye rejista namba za mafaili yaliyoharibiwa, tarehe na namna yalivyoharibiwa, na wawili walioshuhudia wasaini.